Glasi Niliyompa Mjomba Wako

Kokuhirwa mwanangu,

Uko chumba cha pili, nasikia unavyofunga na kufungua zipu ya begi lile lile, nami nimekaa sebuleni nakuandikia kama mtu aliye nchi nyingine. Ujinga gani huu? Lakini nifanyeje? Tangu Jumamosi nikikuita unaitika, nikikutuma unakwenda. Asubuhi "Shikamoo Baba," jioni "Lala salama Baba," na katikati hapo hakuna kitu. Heshima yote ipo, wala siwezi kulalamika kwa mtu. Afadhali ungenikasirikia kwa sauti, nikajua pa kushika.

Mambo ya safari siyagusi. Mama yako ameshakuambia habari za baridi ya Arusha, za kutokula chakula cha mtu usiyemjua kwenye basi, za kupiga simu ukifika, na atakuambia tena kesho ukiwa umeshaweka mguu mmoja kwenye gari. Mimi nataka kuzungumza habari ya glasi moja tu, ile uliyonimiminia Jumamosi mbele ya watu, nami nikampa mjomba wako Rwegasira bila kuigusa.

Nimekasirika, Koku. Nimejikasirikia mimi, kisha nikamkasirikia Rwegasira, kisha huo mvinyo wenyewe, kisha huyo Mtaliano wako mwenye hoteli ambaye hata sijamwona. Angekupa kazi kama watu wengine wanavyopewa kazi, kwa cheti na barua, leo wewe na mimi tungekuwa tunaongea.

Ulipokuja na zile chupa mbili za Mtaliano umezizungushia khanga, nilicheka. Ulisema moja ni ya kujifunzia na nyingine ni ya kuagia ndugu. Ukasema ukifika tu, kabla hujaonyeshwa pa kulala, Mtaliano atakuuliza swali moja: kwenu, mvinyo huu ungeuandalia chakula gani? Ukijibu vizuri utasimama kwenye chumba cha kulia, uwaeleze wageni vinywaji. Ukijibu ovyo utabeba sahani hadi atakapokukumbuka tena. "Swali gani hilo la kumpa mtu kazi?" nikakuuliza. Ulichukua chupa ya kujifunzia ukaenda nayo dukani, ukamwomba mwenye duka aiweke kwenye friji yake ya soda, kwa sababu ulisema ikinywewa ya moto ni bure. Mwenye duka akanipigia simu kuniuliza kama ile ni dawa ya ng'ombe. Nikamwambia ndiyo. Hata hilo sikukwambia.

Jumapili ile mchana, kabla ya Jumamosi hiyo, ulitoa meza nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha migomba, ukatandika kitambaa. Ukanifundisha jina, Verdicchio, nikalivunjavunja mpaka ukakata tamaa. Ukasema unatoka mkoa uitwao Marche, katikati ya Italia, kwenye vilima vinavyopokea upepo wa bahari, na kwamba watu wa huko hawajui kula samaki bila mvinyo huo. Tazama kwanza, Baba. Nikatazama: njano iliyopauka, ukingoni ina ukijani kama ganda la chungwa ambalo halijaiva. Nusa. Nikanusa. Sasa chukua kidogo, usimeze, uzungushe mdomoni. Nikazungusha kama mtu anayesukutua. Ukaniinamia, umeshika kalamu, macho yamekutoka. "Unasikia nini, Baba?"

Nikasema, "Nasikia siki."

Ulicheka kwa adabu, ukaandika kitu, sijui uliandika nini. Mimi nilicheka zaidi yako, nikajiona hodari. Huo ulikuwa uongo, na nitakueleza mbele nilichokisikia, maana ndicho ulichokuwa unakitafuta nami nikakificha.

Kisha ukaanza kuleta vyakula. Ndizi na maharage yaliyotiwa samli, ukaninywesha juu yake. Nyama ya mbuzi ya kuchoma. Nyanya chungu. Senene wa kukaanga ulionunua Bukoba, kwa sababu ulisema kila mgeni akisikia Kagera anauliza senene. Samaki wa mchuzi wa karanga, ambao ndio ulikuwa umeshawachagua moyoni, nilikuona. Kwa kila kimoja uliniuliza, na kwa kila kimoja nilikujibu utani. Mbuzi anaitaka rubisi, pombe yetu ya ndizi, si huu. Senene wamezeeka. Mvinyo umemwogopa samaki. Mama yako aliacha kucheka kabla yangu, akaingia ndani, akarudi na bakuli la uyoga aliokuwa amewapikia watu wa nyumbani, akaliweka mezani.

Lakini siku ile kulikuwa na jambo moja zuri, wala usiniambie umelisahau. Ulinionyesha jinsi mhudumu anavyomimina hotelini. Ukafunga shingo ya chupa kwa kitambaa cheupe, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, ukanitilia kidogo sana chini ya glasi. Nikauliza mbona umeninyima. Ukasema, "Mwenye meza anaonja kwanza, Baba. Akikubali ndipo wageni wanamiminiwa." Nilipiga meza kwa kiganja! Kumbe na wao! Nikakusimulia jinsi baba yangu alivyokuwa akikaribisha watu rubisi: anajitilia yeye kwanza, anakunywa, wageni wanatazama koo lake likishuka, ndipo kibuyu kinazunguka. Kwetu anayekukaribisha kinywaji hakupi kabla hajakinywa mwenyewe. Akikupa bila kukigusa, maana yake anajua kilichomo, au hamwamini aliyekitengeneza. Ulipiga makofi kama ulipokuwa mdogo. Ukasema, "Hilo nitamwambia Mtaliano. Na Jumamosi wewe utaonja kwanza, mbele ya Mjomba na watu wote."

Nikasema sawa. Hivyo sina hata pa kujificha. Nilijua maana yake, na nilikuwa nimekueleza mwenyewe kwa mdomo wangu.

Sasa nikueleze habari ambayo unaijua nusu, ile nusu ya kuchekesha. Siku niliyokwenda kwa kina mama yako kuposa, tulipeleka rubisi. Mshenga wangu ndiye aliyepaswa kuonja. Tulipofika mbele ya wazee akanisukumia kibuyu, akasema, "Onja wewe, waitu, ndugu yangu, pombe ni yako." Sikuwa nimejiandaa. Nilishika kibuyu kwa mikono miwili nikanywa, na kwa woga sikujua pa kuishia. Nilikunywa na kunywa, povu likanishukia kifuani kwenye shati la kuazima. Rwegasira alikuwa kijana, amesimama mlangoni. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu amekuja kuoa au amekuja kunywa?"

Walicheka mpaka bibi yako akashika nguzo. Mimi pia nilicheka. Na tangu hapo, Koku, hakuna harusi, hakuna ubatizo, hakuna matanga ambayo Rwegasira hajaisimulia. Watoto wake wanaijua. Wewe unaijua, umeicheka tangu hujaanza shule. Hujawahi kuniona nikikasirika kwa sababu nimejifunza kucheka mapema kabla yao. Lakini kila nikishika kinywaji mbele ya shemeji zangu, mkono wangu unakuwa si wangu. Mama yako ndiye peke yake anayejua hilo, na sasa wewe.

Basi Jumamosi umepika tangu alfajiri. Ndizi zimetulia, samaki wamepangwa, glasi umeziazima parokiani, umezipangusa mpaka zinang'aa. Rwegasira na mkewe wamekuja kutoka Nyaishozi na nguo za kanisani. Ukatoka na chupa ya pili, kitambaa shingoni, mkono nyuma, umenyooka. Nilikuona nikasema moyoni, huyu ni mtoto wangu? Ukawamiminia wote kwanza ili nikishaonja tu kila mtu awe na glasi yake, ukawaomba wasinywe, kisha ukaja kwangu ukanitilia kile kidogo cha mwenye meza, ukasimama kando yangu kungoja.

Rwegasira akasema, "Mpimieni vizuri huyo, asije akamaliza kabla hatujaonja!"

Watu wakacheka. Na wewe ulitabasamu, sikulaumu, ni utani wa nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshika glasi. Nikawaza: mvinyo huu ni mkali, uso wangu utakunjamana, na huyu bwana atapata hadithi nyingine ya kusimulia hadi nizikwe. Hilo tu ndilo nililowaza. Sikukuwaza wewe hata kidogo. Nikasema, "Mgeni kwanza," nikanyoosha mkono, nikamwekea glasi mbele yake.

Rwegasira aliipokea akiwa bado anacheka. Kisha akaitazama glasi, akanitazama mimi, kicheko kikamwishia usoni. "Shemeji," akasema, "wewe hujagusa."

"Kunywa tu."

Akaiweka kando ya sahani yake, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Mkewe akaisogeza yake mbali na mkono. Wengine wakafanya hivyo hivyo, hakuna aliyeambiwa. Wewe ukainama ukaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, onja basi." Hapo bado ningeweza kuokoa kila kitu. Ningechukua glasi yoyote pale mezani. Badala yake nikasema, kwa sauti, "Mimi vitu vya hotelini siviwezi."

Samaki walipoa. Watu walikula ndizi wakasifu ndizi. Ulikusanya glasi zikiwa zimejaa, moja baada ya nyingine, hukumwaga hata tone mezani, ukamwagia jikoni. Mama yako alinifuata uani. Unamjua, hapigi kelele. "Mawe!" akasema kwa kilugha, kama anayemwita mama yake. "Umemkana mtoto mezani." Akarudi ndani, na yeye pia tangu hapo ananipa chakula bila kuketi.

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na maneno mengi: kwamba ni kinywaji tu, kwamba Rwegasira ndiye aliyeanza, kwamba mila zenyewe tunazishika pale tu zinapotuuma. Nimeyasema yote peke yangu shambani kwa siku hizi, nikikata majani makavu ya migomba kwa hasira mpaka jirani akaniuliza kama kuna ugonjwa wa mnyauko. Hakuna lililonisaidia. Watu waliokaa pale mezani waliona baba anakataa kugusa kilichomiminwa na mkono wa mwanawe, na kesho mwana huyo anakwenda kumiminia wageni kwa kazi. Hilo ndilo ulilolifungia kwenye begi lako. Ningekuwa wewe nami ningenyamaza.

Leo asubuhi nilikwenda Nyaishozi. Ulidhani nimekwenda kuangalia kahawa. Nilimkuta Rwegasira anaanika maharage, nikamwambia bila salamu ndefu kwamba utani wake umeniharibia mtoto. Alinyanyuka akanijibu kwa ukali, na nilifurahi kupata mtu wa kugombana naye. "Shemeji, mimi natania tangu siku ulipokuja kuposa. Nikiacha kukutania utasema nimekuchukia. Lakini glasi nani aliiweka mbele yangu? Ningekunywa vipi, waitu? Ningekunywa, mke wangu angeniona mjinga, na Koku angeniona nimemdharau baba yake."

Nikamwambia basi nikauchukue mvinyo uliobaki, niunywe hapo kwake, kisha nimwambie mtoto nimekunywa.

"Uunywe huku Nyaishozi, nyuma ya mgongo wake? Hujaonja bado. Utaonja palepale, yeye amimine, sisi tutazame."

Tukakaa juu ya gunia. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. Akauliza ule mvinyo ulikuwaje hasa, kwa sababu alikuwa ameunusa na ulimvutia, na mpaka leo anaujutia. Nikaanza kumwambia siki. Sikumaliza neno. Nikamwambia kweli, na yeye ndiye mtu wa kwanza kuisikia, jambo ambalo linaniudhi, maana ilikuwa yako.

Nilisikia hivi. Kwenye pua kulikuwa na limao, hilo lilikuwa wazi, na nyuma ya limao kulikuwa na majani. Yale majani tunayochanganya na ndizi mbivu wakati wa kukamua, yakishapondwa na miguu, kabla mtama haujatiwa, maji ya ndizi yakiwa bado matamu na watoto wamekaa pembeni na vikombe. Wewe ulikuwa mmoja wa watoto hao kabla hatujang'oa migomba ya pombe. Nilinusa glasi ya Mtaliano nikaliona shamba lile. Mdomoni ulikuwa mkali, lakini ukali uliosafisha, kisha mwisho kabisa, ukishameza, ukabaki uchungu mdogo. Wewe uliuita uchungu wa lozi. Mimi lozi sijawahi kuziona. Kwangu ulikuwa uchungu wa karanga mbichi ukiitafuna na lile ganda lake jekundu jembamba. Nikakaa nao mdomoni, nikaupenda. Nikafungua mdomo nikasema siki, kwa sababu nilidhani mkulima wa hapa Kanoni akianza kusema anasikia majani na karanga kwenye glasi, utamcheka. Wewe, uliyekuwa umeshika kalamu unanisubiri!

Na chakula. Samaki wako wa mchuzi wa karanga ni mtamu, lakini mchuzi ule mzito uliufunika mvinyo, nikawa kama nakunywa maji tu. Usimpelekee Mtaliano jibu hilo. Nyanya chungu, uchungu juu ya uchungu, nilitaka kutema. Mbuzi aliumeza mvinyo wote. Samli kwenye maharage, hapo kulikuwa na kitu, ukali wa mvinyo ulikata mafuta na maharage yakawa mepesi. Senene si wabaya, chumvi yao inaupenda, lakini wawe wabichi wa msimu, na usiwataje wa kwanza ili tu wageni washangae. Chakula chenyewe kilikuwa lile bakuli la mama yako. Uyoga na ndizi za kuchemsha, samli kidogo, limao halihitajiki kwa sababu mvinyo umelileta. Nilikula nikanywa, nikala tena, na nilinyamaza pale tu katika mchana mzima. Hukuliona hilo kwa sababu ulikuwa umekwenda kuwarudisha senene jikoni.

Ukiulizwa, sema uyoga na ndizi. Akikuuliza nani amekufundisha, sema unavyotaka.

Huko unakokwenda watakucheka, Koku. Mgeni atakucheka unavyolitamka jina, mpishi atakucheka unavyosema karanga mahali pa lozi. Mimi nimeishi miaka mingi nikiwahi kucheka kabla ya watu, na nimeona kulikonifikisha: nimekaa na kalamu, mtoto wangu yuko nyuma ya ukuta. Sijui dawa yake. Ningekuwa naijua ningeitumia Jumamosi. Najua tu kwamba glasi ilikuwa mkononi mwangu na ilikuwa ndogo, na uso ukikunjamana unakunjuka.

Jumamosi ulimwaga mvinyo wa kwenye glasi, lakini wa chupani ulibaki. Mama yako aliuziba akauweka kwenye mtungi wa maji, kule pembeni pasipopata jua, hakuna aliyeugusa. Rwegasira na mkewe watafika kabla hujatoka, nimewaomba, na Rwegasira amesema ole wangu nibadili mawazo. Ndizi mama yako ameshamenya. Uyoga upo. Watu wenye akili hawanywi mvinyo alfajiri wakingoja gari la kwenda Omurushaka kupanda basi, na Rwegasira atasema hivyo, nawe utamsikia, na mkono wangu utakuwa si wangu kama kawaida yake.

Tafuta kile kitambaa cheupe kabla hujafunga begi. Nimiminie kidogo, kile cha mwenye meza, kisha usimame kando yangu.

Glasi ya kwanza ni yangu.

Baba yako